Hewa Ikishaingia, Itokee Wapi?

Hotuba kwa mafundi na wanafunzi wa ufundi, Dodoma

Mbukwenyi!

Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Walimu, mafundi wenzangu, na ninyi vijana mliojaa mpaka mlangoni, habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie injini ya ndege tunayoijenga nyuma ya gereji yetu. Wengi wenu mmeisikia kabla ya kuiona. Tukiiwasha, majirani hufunga madirisha na watoto hupanda ukutani. Kwa hiyo naanza kwa kuwashukuru majirani, maana bila uvumilivu wao nisingekuwa na neno la kuwaambia leo. Na niseme mapema ili pasiwe na uvumi: ndege yetu haijaruka. Haina kibali, na haitaruka mpaka Mamlaka ya Usafiri wa Anga iikague na kuiruhusu. Tulicho nacho ni injini, giaboksi, propela na boneti, vyote vimefungwa juu ya tela la trekta lililokazwa kwa minyororo na kuwekewa mawe kwenye magurudumu. Nitakayoyasema yametoka kwenye tela hilo, na kwenye miaka niliyolala chini ya malori kabla yake.

Nilianza kama utingo. Enzi hizo barabara ya mlima Sekenke ilikuwa vumbi na makorongo, na lori lililoshiba mizigo lilipanda kwa gia ya kwanza, taratibu kiasi kwamba utingo unaweza kushuka, ukatembea pembeni na kipande cha gogo mkononi, ukawa tayari kuliweka nyuma ya tairi. Katikati ya mlima rejeta inaanza kuimba. Dereva wetu, mzee mmoja wa Iramba, hakuwa na haraka ya kumwaga maji. Kwanza alishuka, akaokota vumbi, akaliachia lianguke, akatazama linakoelekea. Kama upepo unatoka nyuma yetu, alisema: "Hapa hatuponi, tusogee mpaka kwenye kona." Kwenye kona lori linageuka, upepo unaipiga rejeta usoni, na mshale wa joto unashuka.

Sikuelewa wakati ule. Nilidhani ni mambo ya wazee. Leo najua alikuwa ananifundisha somo zima la kupoza injini ya ndege. Ndege inapopaa ni lori lililo Sekenke: injini inatoa nguvu zote, mwendo ni mdogo, na hewa inayoifikia rejeta ni haba. Ikishafika juu na kunyooka, hali inageuka: nguvu inapunguzwa, mwendo unaongezeka, na hewa inakuwa nyingi. Ndiyo maana ndege inayopoa vizuri ikiwa safarini inaweza kuchemsha dakika ya tatu baada ya kuacha ardhi.

Sasa injini yenyewe. Inaitwa rotari, na wengine huiita Wankel kwa jina la Mjerumani Felix Wankel aliyeibuni. Ya kwanza ya majaribio iliwashwa kwenye kampuni ya NSU mwaka 1957. Mazda wakaichukua, wakahangaika nayo miaka mingi, wakatoa gari la Cosmo mwaka 1967, kisha RX-7 mwaka 1978, na mwaka 1991 gari lao la rotari likashinda mbio za saa 24 za Le Mans. Msiichanganye na zile injini za ndege za Vita Kuu ya Kwanza, kama Gnome ya Wafaransa, ambazo silinda zenyewe zilizunguka pamoja na propela. Zile nazo huitwa rotari, lakini ni kabila jingine kabisa. Silinda zake zilijipoza kwa kule kuzunguka hewani.

Yetu ni ya aina ya 13B, iliyotoka kwenye gari la Mazda RX-8 lililopata ajali. Ndani yake hamna pistoni wala valvu. Kuna rota mbili za pembetatu zilizotuna ubavuni, kila moja inazunguka ndani ya nyumba yenye umbo kama namba nane iliyonenepa kiunoni, na shafti moja katikati. Shafti inazunguka mara tatu rota inapozunguka mara moja. Ukihesabu vitu vikubwa vinavyozunguka, ni vitatu tu. Wajenzi wa ndege za nyumbani, hasa Marekani, waliipenda kwa sababu hiyo: ni nyepesi, ni laini, na hata sili ya ncha, ile inayoziba kwenye kona ya rota, ikivunjika, mara nyingi injini haikwami. Inapoteza nguvu lakini inaendelea kukokota. Kwa mtu aliye angani, kule kukokota ni uhai.

Lakini ina deni lake, na deni hilo ni joto. Mlipuko hutokea upande uleule wa nyumba siku zote, kwa hiyo upande mmoja unaungua na upande mwingine unabaki na ubaridi wa hewa inayoingia. Nyumba za rota ni za alumini, na kuta zinazozitenganisha ni za chuma cha kusubu, kile cha bloku za zamani. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma hicho. Kati yake kuna sili za maji za mpira. Ukiichemsha injini hii mara moja, nasema mara moja tu, alumini inasukumana na chuma, mpira unaungua, na siku ya pili unaona mapovu kwenye rejeta na moshi mweupe kwenye ekzosi. Injini ya Fuso inaweza kukusamehe ukaichemsha mara tatu ukaishia kubadilisha gasketi. Hii haisamehi.

Jambo jingine ambalo mafundi wengi hulisahau ni oili. Kwenye injini ya pistoni, oili kazi yake kubwa ni kulainisha. Kwenye rotari, maji hayafiki ndani ya rota hata kidogo. Oili ndiyo inayorushwa ndani ya rota kutoka kwenye shafti na kubeba joto lake. Karibu theluthi ya joto lote linalopaswa kuondolewa linatoka kwa njia ya oili. Kwa hiyo mtu akikwambia amefunga rejeta nzuri, muulize: na ya oili? Nimeona picha za ndege zenye rejeta ya maji iliyotengenezwa kwa ustadi, halafu kipoza oili kimebanwa kwenye kona kama mtoto wa kambo. Ile ya oili ndiyo itakayokutesa. Wajenzi wengi hujitahidi oili isizidi nyuzi 100 hivi, nami nakubaliana nao.

Tuje kwenye hewa ya hapa kwetu. Dodoma tuko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Wahandisi wa ndege hupimia mambo yao usawa wa bahari, kwenye nyuzi joto 15. Sasa chukua mchana wa Oktoba, nyuzi 32 kivulini. Ukipiga hesabu, hewa yetu ni nyepesi kwa takriban asilimia 17 kuliko ile ya vitabuni. Ndege inajiona iko karibu futi 6,300 wakati magurudumu yake yangali yamekanyaga lami. Injini ya nguvu za farasi 160 inabaki na kama 132. Propela nayo inakamata hewa nyepesi. Na rejeta, ambayo haijali ukubwa wa hewa bali uzito wake, inapata kilo pungufu za hewa katika upepo uleule.

Nilipiga hesabu moja nikashtuka, nataka nanyi mshtuke. Tuseme maji na oili vinataka kuondoa kilowati 90 za joto wakati wa kupaa, na hewa inayopita kwenye rejeta inapata ongezeko la nyuzi 40. Utahitaji kilo 2.2 za hewa kila sekunde. Kwa hewa ya Dodoma ya mchana hizo ni zaidi ya lita 2,000. Mnayaona yale matangi ya plastiki ya lita 2,000 juu ya nyumba zetu? Tangi zima la hewa liingie kwenye boneti, lipite katikati ya mapezi ya rejeta, na litoke. Kila sekunde. Na mimi nilikuwa nimekata tundu la kutokea ukubwa wa daftari, tena nusu yake imezibwa na bomba la ekzosi.

Hapo ndipo kosa letu lilipokuwa, na ilituchukua miezi kulijua.

Tulipowasha mara ya kwanza kwa nguvu nyingi, mshale wa maji ulipanda bila kusimama. Tukazima. Tukafanya kile ambacho kila fundi hufanya: tukatafuta rejeta kubwa zaidi. Tukaipata, nene, nzito, ya lori. Tukakata boneti, tukachomelea vishikio vipya, tukawasha. Mshale ukapanda vilevile, labda ulichelewa dakika moja kwa sababu kulikuwa na maji mengi zaidi ya kupasha. Kilo zimeongezeka puani, pesa zimekwenda, na joto lipo palepale.

Kijana wetu mmoja wa gereji, ambaye mama yake anafuma vitambaa, akaja siku moja na uzi wa sufu mwekundu. Akaukata vipande vya urefu wa kidole, akavibandika kwa gundi mbele na nyuma ya rejeta, safu kwa safu, kama thelathini hivi. Tukakata dirisha dogo ubavuni mwa boneti tukaliziba kwa plastiki angavu. Tukawasha. Nililala chini kabisa, tumbo kwenye vumbi, nikachungulia. Nyuzi za upande wa juu zilikuwa zimelala kuelekea nyuma, zimenyooka, zinatetemeka kama inavyotakiwa. Za katikati zilikuwa zinacheza huku na huku hazijui ziende wapi. Na zile za chini, jamani, zilikuwa zinatazama mbele! Hewa ilikuwa inatoka ndani ya boneti, inapita kwenye rejeta kinyumenyume, inarudi ilikotoka. Theluthi ya rejeta yetu ilikuwa inapashwa na hewa iliyokwisha kupata moto.

Mimi nimezaliwa kwenye tembe. Wanaolijua tembe letu la Kigogo wanajua: paa la udongo, kuta nene, giza zuri la ubaridi. Bibi akiwasha moto ndani na tundu la moshi likawa limezibwa, moshi hauna ugomvi na mtu, unarudi tu mlangoni ulikoingilia upepo. Bibi hakuongeza mlango. Alimtuma mtoto juu ya paa akazibue tundu. Nililala pale chini ya tela nikitazama uzi mwekundu, nikamkumbuka bibi yangu, na nikaona aibu kwamba nilikuwa nimenunua mlango mkubwa zaidi.

Baada ya uzi tukapima. Kifaa chenyewe mnaweza kukitengeneza leo hii kwa bei ya soda mbili. Ni mpira mwembamba unaoona ndani, kama ule wa dripu, umeukunja kwa umbo la herufi U kwenye ubao, ukatia maji yenye rangi. Ncha moja iko mbele ya rejeta, nyingine iko nyuma yake. Tofauti ya vimo vya maji ndiyo presha inayoisukuma hewa ipite. Ndege inayopaa kilomita 150 kwa saa kwenye hewa yetu ya mchana ina presha ya kama sentimita 9 za maji, na hiyo ni kama hujapoteza hata tone. Ikifika kilomita 260 kwa saa inakuwa sentimita 27, mara tatu. Ndiyo sababu safarini kila ndege inapoa. Hizo sentimita 9 ndizo mshahara wako wakati wa kupaa, na kila kona kali, kila mwanya pembeni ya rejeta, kila ukingo uliokatwa vibaya unadai sehemu yake.

Kwenye tela tulikuwa na upepo wa propela tu, kwa hiyo presha ilikuwa ndogo zaidi. Mbele ya rejeta maji yalipanda kama sentimita mbili na nusu. Nikafurahi. Kisha tukapima nyuma ya rejeta, ndani ya boneti, tukakuta karibu sentimita mbili. Yaani chumba cha injini kilikuwa kimejaa hewa kama mpira wa miguu. Iliyobaki ya kuisukuma hewa ipite ilikuwa nusu sentimita. Ungeweka rejeta ya meli pale isingesaidia.

Tukaanza kuifuata hewa badala ya kuifuata rejeta. Tundu la kutokea tukalipanua, tukalisogeza mbali na ekzosi, na mbele yake tukaweka mdomo wa bati ulioinama nje kidogo ili upepo unaopita chini uvute hewa itoke. Kila mwanya pembeni ya rejeta tukauziba kwa mpira na silikoni, maana hewa ni kama maji ya mvua, ikipata mfereji mrahisi haiendi kwenye mgumu. Halafu tukarudi kwenye mdomo wa kuingilia, na hapa kuna jambo ambalo watu hulikataa wakilisikia kwa mara ya kwanza: tuliupunguza. Hewa ikiingia kwa kasi ikaipiga rejeta moja kwa moja, nyingi inamwagika pembeni. Lakini ikiingia kwenye mdomo mdogo, kisha kuta zikafunguka polepole mpaka ziufikie upana wa rejeta, hewa inapunguza mwendo, na mwendo unaopotea unageuka kuwa presha. Kuta zikifunguka ghafla, hewa inaachana nazo, inajizungusha, na mmerudi kwenye uzi unaotazama mbele. Tulizifinyanga kwanza kwa maboksi ya karatasi ngumu na gundi, tukapima, tukakata tena, kabla ya kugusa fiba. Karatasi haikugharimu kitu, na ilitufundisha zaidi ya bati.

Mwingereza Meredith alionyesha katikati ya miaka ya 1930 kwamba rejeta iliyowekwa kwenye mfereji mzuri inaweza kurudisha sehemu ya gharama yake: hewa iliyopashwa inatanuka, inatoka kwa kasi, inaisukuma ndege kidogo. Mustang, ile ndege ya kivita ya Vita Kuu ya Pili, ilijengwa kwa kuzingatia hilo, ndiyo maana ina lile tumbo chini. Sisi hatujafika huko. Nimelitaja ili mjue kwamba njia ya kutokea ni sehemu ya mashine, inastahili kuchorwa kwa makini sawa na bawa.

Sasa nizungumzie maji, kwa sababu hili liliniumiza. Klipu moja ya mpira wa rejeta niliifunga mwenyewe, sikuikaza vizuri. Injini iko kwenye mizunguko 5,000 kwa dakika, mshale wa joto umesimama nyuzi 85, nimeridhika kabisa. Kisha ukaanza kushuka, 80, 75. Nikasema, mfereji mpya unafanya kazi! Kijana wetu akanusa harufu tamu ya kulanti, ile dawa ya rejeta, akapiga kelele. Tulipozima, rejeta ilikuwa tupu. Kipima joto kilikuwa kinaning'inia kwenye hewa, hakikuguswa na maji, kikawa kinaniambia habari njema wakati injini inakufa. Sili za maji ziliungua zote mbili za upande wa nyuma. Tuliifungua injini nzima.

Tangu siku ile tuna geji ya presha ya maji, siyo ya joto peke yake. Mfumo ukiwa mzima na wa moto una presha. Ukitoboka, presha inaanguka papo hapo, kabla joto halijasema lolote. Ukijenga mashine yoyote itakayombeba binadamu juu, na injini yake inapozwa kwa maji, nakusihi uweke geji hiyo mbele ya macho, pamoja na taa nyekundu.

Mfuniko wa rejeta nao usiuchukulie kama kifuniko cha sufuria. Hapa Dodoma maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Mifuniko ya magari ya Kijapani utaona imeandikwa presha yake, 0.9 au 1.1. Wenye 0.9 ukiwa mzima, kwa hewa ya hapa, unakupandishia kiwango cha kuchemka hadi nyuzi 115 hivi. Springi yake ikilegea, umepoteza karibu nyuzi 20 za usalama bila kujua. Na maji ya kisima chetu mnayajua: ukiyachemsha wiki mbili, birika lina ukoko mweupe. Ukoko ule ndani ya rejeta ya alumini ni blanketi. Nunueni maji ya betri yasiyo na asidi, changanyeni na kulanti nzuri. Kulanti ikizidi nayo inabeba joto kidogo kuliko maji, na sisi hatuna barafu ya kuiogopa, kwa hiyo msiimimine kwa kudhani kuwa nyingi ndiyo bora. Iwepo ya kutosha kuzuia kutu.

Vumbi, wadudu, mafuta kwenye mapezi: safisheni kwa maji ya presha ndogo kutoka nyuma kwenda mbele. Hilo kila dereva wa Kondoa analijua.

Nimesema nguvu inapungua kwa hewa nyepesi, lakini sisi tulipungukiwa zaidi ya hapo. Tulitarajia injini ifike karibu mizunguko 5,800 ikiwa imesimama, ikagoma kwenye 4,900. Ndipo watu walipoanza kutoa tiba. Tukabadilisha plagi zote nne, maana kila rota ina mbili. Tukapima kompresheni, nzuri. Tukakagua taimingi, nzuri. Siku ya nne nikaweka kipimajoto kwenye mdomo wa hewa ya injini, nikakuta nyuzi 70. Injini ilikuwa inavuta pumzi ndani ya boneti, hewa iliyotoka kwenye rejeta. Kati ya nyuzi 32 na 70, hewa inapoteza asilimia 11 ya uzito, na nguvu inaondoka nayo. Tukapeleka bomba la kuvuta hewa nje, mbali na joto.

Mizunguko ikapanda, lakini si hata 200, na vijana walivunjika moyo. Nikawaeleza kwamba propela ina hesabu yake: ukitaka izunguke asilimia 10 zaidi, lazima uipe nguvu theluthi zaidi. Kwa hiyo mizunguko michache iliyoongezeka ilikuwa nguvu nyingi iliyorudi. Iliyobaki haikuwa ugonjwa wa injini. Propela ilikuwa imekunjwa kukata hewa nyingi mno, kama mtu anayepanda mlima kwa gia ya tano. Rotari haitoi nguvu chini. Nguvu zake ziko juu, 6,000 na kwenda mbele, ndiyo maana ina giaboksi ya kuipunguzia propela mwendo. Ukiibana kwenye 4,900 unapata joto na kelele, hupati kazi. Tulilegeza pembe ya propela nyuzi mbili, na injini ikafunguka.

Na ilipofunguka, mshale wa oili ukapanda tena! Msishangae. Nguvu na joto ni akaunti moja. Kila farasi unayemwongeza anakuja na mzigo wake wa joto, na rejeta ndiyo inayoubeba. Kwa hiyo ukitatua tatizo la nguvu, rudi upime kupoza upya tangu mwanzo, usijisifu kwa vipimo vya jana. Kuna mtu ameniuliza kuhusu tabo, ile feni inayozungushwa na ekzosi ili kuisukumia injini hewa zaidi, kwamba ingerudisha nguvu tunayoibiwa na mwinuko. Ni kweli ingeirudisha. Lakini ekzosi ya rotari ni kali kuliko ya pistoni, inafanya chuma kiwe chekundu, na sailensa ya kawaida inaliwa ndani kwa muda mfupi. Kuweka tabo kwenye injini ambayo bado hujaimudu joto lake ni kujitafutia msiba. Mimi sitaiweka.

Dada yule pale nyuma ana swali. Anauliza, kwa nini tusifunge feni ya umeme kama ya Noah, yaishe?

Swali zuri sana, na nililiuliza mwenyewe. Ukiwa ardhini unasubiri kuondoka, feni inasaidia, na tunayo ndogo kwa kazi hiyo. Lakini rudi kwenye lile tangi la lita 2,000 kwa sekunde. Kulisukuma lipite kwenye rejeta dhidi ya presha ya sentimita 8 za maji, kwa feni za kawaida zenye upotevu wake, kunataka zaidi ya kilowati 4 za umeme. Kwenye volti 14 hizo ni ampea 300. Dainamo ya gari dogo inatoa kama 100, na injini yetu yenyewe inategemea umeme kwa kompyuta, plagi na pampu ya petroli. Ukiumaliza umeme, injini inazimika. Na feni hiyohiyo ikishafika angani inageuka kizuizi. Kwa hiyo dada yangu, feni ya ndege ni mwendo wake, na kazi yetu ni kuutengenezea njia.

Mzee hapa mbele anauliza: na ikichemsha mkiwa tayari juu?

Shikamoo mzee. Jibu ni la yule dereva wa Sekenke: tafuta upepo. Punguza nguvu, inamisha pua, uache kupanda, ndege iongeze mwendo. Umepunguza joto linalozaliwa na umeongeza hewa inayolibeba, kwa tendo moja. Kosa linaloua ni kuivuta ndege juu zaidi kwa hofu, maana hapo mwendo unakufa na joto linapanda. Lakini ili uweze kuinamisha pua, lazima chini yako pawe na nafasi, na uwanja wetu wa ndege wa Dodoma uko katikati ya mji, nyumba pande zote. Ndiyo sababu nimekataa katakata kuzungumzia kuruka kabla injini haijakaa kwenye tela na kutoa nguvu zote, mchana wa jua kali, mishale yote ikiwa imetulia. Siyo asubuhi kwenye ubaridi. Mchana.

Jumamosi saa saba tunaiwasha tena tukiwa na mdomo mpya wa kipoza oili. Nahitaji watu wawili wa kusoma ule mpira wa maji wa umbo la U, mmoja wa kuangalia nyuzi za sufu, na mmoja mwenye mwandiko mzuri wa kujaza daftari. Njooni na kofia, viatu vya kufunika vidole, na pamba za masikio. Mbele ya propela hasimami mtu, na pembeni yake hasimami mtu. Mahali pa kusimama nimepachora kwa chokaa.